"Mawazo Tu, Mwanangu": Kisa cha Mama wa Dagaa na Sukari Yake

Ilikuwa saa sita usiku na ushee, mwishoni mwa Juni 2024, mama wa miaka 52 alipoletwa hospitali kwa bajaji akiwa ameloa jasho kama mtu aliyetolewa ziwani. Alikuwa akiongea maneno yasiyoshikana. Kipimo cha sukari cha kidole kilisoma 2.6, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Binti yake, mikono ikimtetemeka kuliko ya mgonjwa, alirudia kauli moja tu: "Alisema ni mawazo, tukamwacha apumzike."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Mimi ni muuguzi, nahudumu kliniki ya kisukari hapa Kigoma, na neno "mawazo" nalisikia kila siku ya kliniki. Nilikuwa nimelisikia kutoka kwa mama huyuhuyu wiki mbili kabla, nikaliacha lipite. Ameniruhusu nisimulie kwa sharti nisimtaje. Nitamwita Mama, kama ninavyomwita ana kwa ana, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyageuza.

Mama ni mzaliwa wa Ujiji na biashara yake iko mwalo wa Kibirizi. Ananunua dagaa wabichi alfajiri boti zinapotia nanga, anaanika, anachambua, anajaza magunia na kusafirisha kwa treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Kisukari cha aina ya pili aligundulika nacho miaka minane kabla ya hapo. Alikuwa akimeza dawa mbili za kushusha sukari: metfomini asubuhi na jioni, pamoja na glibenklamaidi kidonge kimoja asubuhi. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa ikicheza kwenye 8 na 9. Si nzuri sana, kwa kuwa tunalenga kati ya 4.4 na 7.2 kwa watu wengi, lakini ilikuwa imetulia, naye hakuwahi kukosa kliniki.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mama hakuwa na ugomvi na sababu hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa akiona dagaa wanavyopungua mwaka hadi mwaka. Tatizo lilikuwa kwamba alijiandaa kama mfanyabiashara hodari anavyojiandaa. Alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, akanunua mzigo kabla ziwa halijafungwa, akatuma magunia kumi na manne Dar kwa mteja wa siku nyingi, mali kauli, yaani alipwe baadaye kwa ahadi ya mdomo. Mteja alipokea mzigo, akashukuru, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Rejesho la mkopo lilikuwa la kila siku, na mwaloni hakuna dagaa.

Hayo yote niliyajua baadaye. Alipokuja kliniki katikati ya Juni, nilichokiona ni namba tu: 15.8 kabla ya kula. Nikamuuliza swali tunalouliza wote, na ninaandika hapa kwa kujuta: "Mama, umekula nini?"

"Sijala kitu, mwanangu. Mawazo tu."

Nikaandika kwenye faili kwamba amehimizwa kufuata masharti ya chakula. Daktari aliona namba, akaongeza glibenklamaidi iwe mara mbili kwa siku. Kwa karatasi ile tuliyokuwa nayo mbele yetu, uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake. Karatasi haikuwa na mkopo, haikuwa na mteja wa Dar, na haikuwa na jambo lililokuja kuwa kubwa kuliko yote: Mama alikuwa ameanza kujinyima chakula. Sehemu ilikuwa ufukara wa miezi ile, lakini sehemu kubwa ilikuwa jibu lake kwa swali langu. Nilimfanya ajione mkosaji, naye akaamua kwamba mkosaji hastahili sahani iliyojaa. Akawa anameza vidonge kwa uaminifu, asubuhi na jioni, juu ya kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari.

Glibenklamaidi hailijui tumbo tupu. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula au hujala. Jioni ile Mama alianza kutetemeka, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, akaona giza. Aliyajua yote hayo. Ndiyo hali iliyokuwa ikimjia kila mara mtu wa kausha damu alipogonga mlango. Akamwambia binti yake mawazo yamemzidi, akajilaza. Binti akafunga mlango ili watoto wasimsumbue bibi. Aliyemwokoa ni jirani aliyekuja kurudisha ndoo, akashika paji la uso, akalikuta limelowa na la baridi, akapiga kelele.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo, maana mtu anaweza kudhani Mama au binti yake walikuwa wazembe. Sukari inaposhuka, mwili hutoa adrenalini, homoni ya tahadhari, ili kuamsha ini lifungue ghala lake la sukari. Mtu anapoogopa au kukasirika, mwili hutoa adrenalini hiyohiyo. Kutetemeka kwa njaa ya ubongo na kutetemeka kwa hofu vinatoka kwenye chupa moja. Hakuna mtu, hata muuguzi, anayeweza kuvitenganisha kwa kuhisi tu kila mara. Kibaya zaidi, vinapeleka sukari pande mbili. Hofu ya siku nyingi huja na kotisoli, homoni ya msongo, ini linamwaga sukari, insulini iliyopo inalegea nguvu, namba zinapanda hata kama hujagusa soda. Kwa hiyo Mama aliponiambia "sijala kitu, mawazo tu", inawezekana kabisa alikuwa ananipa maelezo sahihi ya 15.8 yake, nami nikamsikia kama mtu anayejitetea.

Alilazwa siku mbili. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, na mgonjwa aliyeinuliwa kwa glukosi ya mshipani anaweza kushuka tena saa chache baadaye, kwa hiyo hatukumruhusu kurudi nyumbani alipozinduka, ingawa alitaka. Daktari alipunguza dawa. Siku ya pili nikaenda kuketi pembeni ya kitanda chake, nje ya zamu yangu.

Sikujua nianzie wapi. Nikamwomba msamaha kwanza, kwa lile swali. Alinyamaza, akatazama ukuta, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Nilikuwa na kinyongo na wewe. Sikutaka kurudi kliniki."

Hilo neno, kinyongo, ndilo lililofungua mlango. Lilikuwa neno la kwanza mahususi kunifikia kutoka kwake kuhusu moyo wake kwa miaka yote niliyomfahamu. Si mawazo. Kinyongo: kina mtu, kina sababu, na kina dawa yake, kwa kuwa nilikuwa nimeketi palepale na ningeweza kuomba radhi. Nikamuuliza kama ndani ya yale mawazo kuna kingine. Tukakaa karibu saa nzima.

Kulikuwa na hasira kwa mteja wa Dar. Chini ya hasira kulikuwa na aibu, maana ni yeye aliyekuwa akiwaonya akina mama wenzake mwaloni wasimpe mtu mali kauli bila shahidi. Kulikuwa na uchovu ambao hauna uhusiano na mkopo wala ziwa: miaka minane ya kuhesabu matonge ya ugali, kuulizwa na kila mgeni kama anaruhusiwa hiki na kile, kumeza vidonge ambavyo havikuahidi kuisha. "Nimechoshwa nao," alisema, akimaanisha ugonjwa, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia mpangaji asiyehama. Na kulikuwa na hofu, ila hiyo aliigusa akaiacha. Alisema tu kwamba dada yake mkubwa alikatwa mguu, na kwamba tangu hapo yeye hajiangalii miguu. Anaiosha gizani.

Nimewahi kusikia wenzangu wakisema wagonjwa wetu hawajui hisia zao, wanaongea viungo vya mwili tu. Neno la kitabibu la hali hiyo lipo, aleksithimia, alilotumia daktari wa akili Peter Sifneos miaka ya 1970 kwa watu wanaoshindwa kabisa kutambua na kutaja wanachohisi. Napinga kumbandika Mama neno hilo, na nawapinga wanaolibandika ovyo. Anayesema roho inamuuma, tumbo limemjaa moto, kichwa kinawaka au mwili umekufa ganzi, anasema Kiswahili. Ndivyo lugha yetu ilivyoyapanga mambo haya, ndani ya mwili. Na maneno mahususi tunayo tele: fadhaa, simanzi, ghadhabu, majuto, wivu, kihoro, jakamoyo. Mama huyu anayajua, anayatumia vizuri anaposimulia habari za watu wengine. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuyatumia kwa nafsi yake. Mwanamke anayelea wajukuu na kulipa watu wa kuanika hatarajiwi kusema "naona aibu" au "naogopa". Anatarajiwa kujikaza. "Mawazo" ndilo neno la heshima linalomruhusu kusema ana mzigo bila kuufungua mbele za watu. Lina kazi yake na silidharau. Lakini kwa mwenye kisukari, kapu lisilofunguliwa linaweza kuficha 2.6.

Kuna jina pia kwa ule uchovu wa ugonjwa wenyewe. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walitoa dodoso la maswali 20 la kupima dhiki inayoletwa na kuishi na kisukari: kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla inazidishwa kwa 1.25 ili ifike 100, na kuanzia 40 huhesabiwa kuwa dhiki kubwa. Nilimsomea Mama maswali hayo kwa maneno yetu, kwa hiyo alama zake sizichukui kama kipimo rasmi, lakini alivuka 40 kwa mbali. Nilimuuliza pia maswali tisa ya sonona, likiwemo lile la kutamani kufa, nalo akalikana kwa kuniangalia machoni. Tofauti hiyo ni muhimu. Sonona ingehitaji kumpeleka kwa daktari wa afya ya akili. Dhiki ya kisukari inahitaji kwanza mtu wa kukaa naye na kuufungua ule mzigo, kitu kwa kitu.

Nilimpa wazo la daftari. Akalikataa. Kisha nikamweleza kwamba sitaki aandike hadithi, nataka tu tutenganishe kilichochanganyika, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza: "Kumbe unataka nichambue mawazo kama dagaa." Ndiyo, Mama. Toa mchanga, toa migebuka midogo, toa vilivyoharibika, kila kimoja na ungo wake. Alitumia daftari lake la madeni, akaligeuza nyuma kwenda mbele. Safu ya kwanza sukari, ya pili mwili unasemaje, ya tatu moyo unasemaje. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo tulikubaliana apime asubuhi mara tatu kwa wiki, na zaidi ya hapo apime pale tu "mawazo" yanapokuja na jasho au kutetemeka. Na asipokuwa na kijiti, asibahatishe upande wa hofu: achukue vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, angoje dakika 15, kisha ale chakula. Hofu haitamdhuru kwa vijiko vinne vya sukari. Sukari iliyoshuka inaweza kumuua akiitibu kwa kulala.

Haya ni baadhi ya aliyoandika Julai, kwa ruhusa yake:

"12.4. Mabega mazito. Hasira. Yule wa mkopo amekuja mbele ya wageni."

"3.7. Jasho, moyo mbio. Nilidhani hofu. Nimekunywa sukari."

"7.9. Jasho, moyo mbio. Kumbe hofu kweli."

Mistari hiyo miwili ya mwisho, siku tano kati yake, ina thamani kwangu kuliko mafunzo mengi niliyohudhuria. Mwili uleule, majibu mawili tofauti, na mtu aliyejifunza kutoamini kwanza.

Lakini sitaki kuonyesha kwamba kila nilichoshauri kilikubalika. Nilimwalika kwenye kikundi cha wagonjwa wanaokutana siku ya kliniki, akakataa katakata, kwa sababu nusu ya kikundi ni watu wa Kibirizi na asingeweza kutaja mkopo mbele ya wanaomuuzia. Alikuwa na haki. Nilimfundisha kuvuta pumzi polepole, akasema inamfanya asikie moyo unavyopiga na kuogopa zaidi. Kilichomtuliza alikuwa nacho tayari: kubaki kwenye mswala baada ya Alfajiri, dakika kumi za uradi, tasbihi mkononi. Tukakihamishia kipimo cha asubuhi hapo, mara amalizapo uradi, na hakuwahi kukisahau tena.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa nyumbani. Tangu usiku ule wa bajaji, binti alikuwa amegeuka askari wa sahani. Anahesabu, anafunika sufuria, anauliza mbele ya watoto, "Mama, tena?" Alifanya hivyo kwa mapenzi na kwa woga, lakini matokeo yalikuwa yaleyale ya swali langu. Mama akaanza kula mihogo ya kukaanga kwa jirani, kwa siri, kisha kujinyima usiku ili kulipia. Nilimwita binti peke yake. Nilimwomba jambo moja: aache kuuliza "umekula nini", aulize "umepima ngapi, na unajisikiaje", kisha anyamaze asikilize jibu. Alilia. Alikuwa akijilaumu kwa ule mlango alioufunga, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Aibu ilipopata jina, ilipata pia njia. Mama alichagua mtu mmoja wa kumwambia habari za mkopo, mdogo wake wa kiume anayefanya kazi Uvinza. Akaja, wakaenda pamoja kwa mkopeshaji, rejesho likahamishwa kutoka kila siku kuwa kila wiki. Yule wa Dar alilipa magunia matano, mengine bado. Hasira ile ipo, na Mama anasema ana haki nayo, nami nakubaliana naye. Kukabiliana na hisia si kuzifuta. Deni ambalo halijalipwa linastahili hasira, ilimradi hasira ijulikane ni ya nani na isiangukie kwenye sahani.

Ziwa lilifunguliwa 15 Agosti. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi miwili mitatu, kilikuwa asilimia 10.2 mwezi Juni. Oktoba kilikuwa 8.6. Ningependa kusema ni daftari, lakini ningekuwa natia chumvi. Dawa zilipangwa upya, dagaa walirudi, fedha ikaingia, mtu wa mkopo akaacha kugonga kila asubuhi. Hata tafiti za ushauri nasaha kwa wenye kisukari huonyesha mara nyingi dhiki ikipungua kwa uwazi zaidi kuliko sukari. Ninachoweza kusimamia ni kwamba tangu Julai hajaletwa tena usiku, na kwamba sasa anakula anapomeza dawa.

Kwenye faili zangu nimeacha kuandika "amehimizwa kufuata masharti". Mgonjwa akisema mawazo, naandika mawazo, halafu nauliza yana nini ndani, na kama foleni ni ndefu namwomba abaki mwisho. Siku nyingine nashindwa. Wagonjwa ni wengi na sisi ni wachache.

Ile hofu ya miguu ilibaki bila kuguswa hadi Oktoba. Kila mara nilipotaja kuikagua, Mama alikuwa na haraka ya treni, au amevaa soksi zinazobana, au kesho. Sikumsukuma. Siku ile ya majibu ya 8.6 alivua kandambili bila kuambiwa, akaweka mguu wa kulia kwenye kigoda, akageuza uso kuelekea dirishani. Nikachukua uzi wa nailoni tunaopimia ganzi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Haya, anza."